Chupa ya Maji ya Buluu

Nilikuwa mtunza maabara wa sekondari moja ya Kagugu kwa miaka ishirini na minne. Sikuwa mwalimu, ingawa wanafunzi wengi waliniita mwalimu na mimi sikuwasahihisha. Kazi yangu ilikuwa kuosha vioo, kufunga makabati, kuandika kilichovunjika na aliyekivunja, na kuhakikisha kwamba asidi haikai rafu moja na vitu ambavyo haielewani navyo. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyeungua zaidi ya kidole, na kidole chenyewe kilikuwa changu.

Naitwa Rugamba. Nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, katika makazi ya wakimbizi, kwa mama ambaye hakumwaga kitu. Maji ya kuoshea maharage yalikwenda kwenye migomba. Chumvi iliyobaki kiganjani ilirudi kwenye kopo. Haba na haba hujaza kibaba, alikuwa akisema, na sisi tulimwamini kwa sababu kwake kibaba kweli kilijaa. Nilirudi Rwanda nikiwa mtu mzima na tabia hiyo nikaja nayo. Madiregiteri, yaani wakuu wa shule, wote watatu niliowatumikia pale shuleni walinisifu kwayo, na mimi sifa sijawahi kuikataa.

Kila mwaka wa masomo ulipoanza tulisaini imihigo. Yaani kila mfanyakazi aliandika atakachotimiza, akaweka sahihi, na mwisho wa mwaka akapewa alama kwa alichotimiza. Walimu waliahidi idadi ya watakaofaulu. Mimi niliahidi jambo lilelile kila mwaka: dawa za maabara zitatosha mpaka mwezi wa saba. Na zilitosha. Mwaka mmoja nilipata tisini na nane kwa mia, nikamwambia mke wangu Kankindi nikiwa nimevimba kichwa. Akaniuliza hizo mbili nimeziangusha wapi.

Sasa Gwiza. Alikuwa mwaka wa tano, mchepuo wa fizikia, kemia na baiolojia, msichana mrefu ambaye sweta la shule lilimwishia karibu na viwiko. Mama yake, Connie, alikuwa na cherehani yake mtaani Batsinda, nyumba tatu kutoka kwangu, kwa hiyo mtoto nilimfahamu tangu anakimbia peku. Kiswahili ndicho tulichozungumza mimi na yeye. Alikuwa anakisoma darasani na alitaka mtu wa kukifanyia mazoezi, na mimi nilifurahi kupata mtu wa kunisikiliza nikikizungumza.

Siku moja mwezi wa kumi, wenzake wakiwa wametoka, alibaki nyuma amejiegemeza kwenye meza.

"Muzee, niko na swali. Mwarimu Sangwa amesema bahari inakunywa moshi yetu."

"Inakunywaje?"

"Ile hewa ya kaboni. Inaingia kwa maji, inaleta asidi. Sasa mimi najiuliza, sisi tuko huku kwa milima, bahari iko kule. Hata moshi ya pikipiki ya hapa Kagugu inafika?"

Nilimjibu kwamba hewa haina mpaka wala haionyeshi kitambulisho, jibu ambalo nililiona zuri sana. Hakucheka. Akaniuliza kama nimewahi kuiona bahari. Nilikuwa nimeiona mara moja, Tanga, mwaka 1989, nilipokwenda huko kwa kozi ya miezi mitatu, na nilirudi na kombe moja la baharini, jeupe lenye mistari ya kahawia ambalo mpaka leo ninalo.

"Iko na ladha gani?"

"Chumvi."

"Haina uchachu?"

"Chumvi, na uchungu kidogo unaokuja nyuma."

Akalifungua daftari akaandika. Nilishtuka kidogo, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuandika nilichosema mimi, isipokuwa polisi wa mpakani.

Baadaye Mwalimu Sangwa, wa kemia, alimfafanulia vizuri zaidi, nami nikasikiliza nikijifanya naosha vioo. Bahari haijawa chachu kama ndimu, alisema. Katika kipimo cha asidi, saba ni katikati, chini ya saba ni asidi, na bahari iko juu ya nane. Ila hiyo namba inashuka, kidogo kidogo, na kwa viumbe wanaojijengea makombe hicho kidogo ni kingi. Kinachoifanya isiporomoke haraka ni kwamba ndani yake mna bafa. Bafa ni maji yenye subira. Ukiyatilia asidi yanaimeza, na namba husogea kidogo tu. Ukiongeza yanameza tena. Lakini kila kinachomeza hufika mahali kikashiba, na hapo namba huanguka.

"Inashiba baada ya pumzi ngapi?" Gwiza aliuliza.

Swali hilo hakuna aliyekuwa na jibu lake, basi akaamua kulitafuta mwenyewe. Alitengeneza bahari yake ndani ya chupa, kwa maji ya bomba, chumvi na magadi soda, kwa vipimo alivyovipata kitabuni. Kando yake aliweka maji ya bomba matupu. Kila siku baada ya masomo alipuliza pumzi ndani ya kila chupa kwa mrija, kumi kumi, kisha akapima na kuandika. Maji matupu yalianguka mapema. Bahari yake ilivumilia, ikavumilia, na yeye akapuliza mpaka akapata kizunguzungu nikamkalisha kitini.

Alihitaji pia kitu cha kulowesha, aone kinavyoliwa na asidi. Nikatoa kombe langu la Tanga kwenye droo nikamwekea mezani. Aliligeuza mara mbili tatu mkononi.

"Oya, hapana, muzee. Hii usiharibu, uko nayo moja. Tutatumia ganda la yai."

Kankindi alikuwa na kuku wanne, kwa hiyo kuanzia siku hiyo nilikwenda kazini na maganda ya mayai kwenye mfuko wa koti. Nilikuwa na miaka hamsini na minane, na nakiri kwamba sijawahi kuipenda kazi yangu kama nilivyoipenda miezi ile.

Mita yetu ya kupimia asidi ilikuwa ya zamani, ya kurekebishwa kwa bisibisi ndogo. Kabla ya kazi sharti uionyeshe maji ambayo namba yake inajulikana. Tulikuwa na chupa tatu za bafa kwa ajili hiyo: nyekundu ni nne, manjano ni saba, buluu ni kumi. Unamimina kidogo kwenye kikombe, unatumbukiza kijiti cha mita, unazungusha bisibisi mpaka mita iseme ile namba iliyoandikwa kwenye chupa. Mita haijui kitu. Inafundishwa na chupa, na chupa ikidanganya, mita hudanganya nayo kwa uaminifu wote.

Na kile kilichobaki kikombeni? Lebo ilisema kimwagwe, kisirudishwe. Niliisoma. Nilidhani ni ujanja wa wauzaji, maana anayeuza chupa atakuambiaje utumie chupa moja mara mbili? Gwiza alikuwa anapima kila siku. Kwa mwendo ule chupa zingekwisha mwezi wa pili, na imihigo yangu ilisema mwezi wa saba. Basi kila jioni nilirudisha kilichobaki ndani ya chupa, kama mama yangu na chumvi yake. Gwiza aliniona nikifanya hivyo mara nyingi tu, tukiongea, wala hakuna aliyedhani kuna kosa. Kifuniko cha ile ya buluu kilikuwa kimepasuka, nikakifunga kwa kipande cha nailoni.

Sikujua kwamba ile ya buluu ndiyo yenye kiu zaidi. Ilikuwa inakunywa hewa ya darasa zima, pamoja na ile tuliyoipumua sisi wawili juu yake, na namba yake inashuka. Bahari ambayo Gwiza alikuwa anaitafuta ilikuwa rafuni kwangu, imefungwa nailoni, inafanya vilevile alivyosema mwalimu.

Mwezi wa tatu alikuja na daftari, uso umekunjamana.

"Muzee, hii bahari yangu kila wiki inaanza juu zaidi. Chumvi ni ileile, magadi ni ileile. Mwanzo ilikuwa nane nukta tatu, sasa iko nane nukta saba. Inapanda namna gani?"

"Labda maji ya bomba yamebadilika," nilisema. "Msimu wa mvua huu."

Mwalimu Sangwa, aliyekuwa na madarasa sita na mke mjamzito, alimwambia mwanasayansi huandika anachokiona. Akaandika anachokiona.

Mashindano ya miradi ya sayansi yalikuwa mwezi wa tano, mwaka 2022. Shule kadhaa zilikutana kwenye ukumbi mmoja mjini, na mshindi angepelekwa pwani ya Tanzania kwa wiki mbili, kwenye kituo kimoja cha watu wanaochunguza bahari. Gwiza alikuwa ameshaniambia atakachofanya akifika. Ataonja kwanza, ndipo asalimie watu.

Jaji aliyesimama kwenye meza yetu alikuwa mama wa makamo mwenye mita yake mwenyewe kwenye kibegi. Alisoma daftari lote kwa makini, akamsifu kwa swali lake, nami nikajikuta nimenyoosha mgongo. Halafu akapima ile bahari ya chupani. Nane nukta tatu. Daftari lilisema nane nukta tisa. Akamwomba atengeneze nyingine palepale, wote tukiangalia. Nane nukta tatu tena.

"Namba hizi umezitoa wapi?" aliuliza, bila ukali.

"Nilipima, madamu."

"Mita mliisahihisha kwa bafa ipi? Imetunzwaje?"

Gwiza akanigeukia mimi, niliyekuwa nyuma yake nimekumbatia katoni la vyombo.

"Imetunzwa vizuri," nikasema. "Mimi mwenyewe ndiye mtunzaji, kwa miaka ishirini na miwili."

Maneno yalinitoka kwa kiburi tu, kama mtu anayejibu salamu. Yalipokwisha kutoka ndipo nilipokiona kile kikombe, na mkono wangu unamimina. Jaji akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaenda meza inayofuata.

Jumapili baada ya misa nilikwenda shuleni, nikafungua maabara. Kwenye kabati la chini nilikuwa na chupa ya buluu mpya, haijafunguliwa, niliyoiweka akiba. Ndiyo, nilikuwa nayo, wakati wote ule. Nikaifungua, nikaifundisha mita upya, nikatumbukiza kijiti kwenye ile ya zamani. Tisa nukta moja. Kumbe tulikuwa tumeifundisha mita kuiita tisa kumi, ndiyo maana bahari ilionekana inapanda. Nikarudia mara tatu nikiomba iseme kitu kingine. Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Wangu hakukawia hivyo. Tulikaa naye pale kwenye kigoda, mimi na yeye, mpaka kengele ya ibada ya mchana.

Nilirudi nyumbani nimeazimia kusema. Niliyapanga hata maneno. Nilipanga nianze na kifuniko kilichopasuka, nimalizie na kikombe.

Jumatatu tuliitwa ofisini kwa Diregiteri: Mwalimu Sangwa, mimi, Gwiza na mama yake, aliyekuja na futi yake ya kushonea bado shingoni. Kikao kilikuwa kwa Kinyarwanda, nakisimulia hapa kwa lugha niliyoizoea. Diregiteri alisoma barua ya waandaaji. Ilisema namba za mradi hazilingani na vipimo na zinaonekana kubuniwa, na mradi umeondolewa. Akasema shule imeaibishwa. Akamuuliza Mwalimu Sangwa kama ana maelezo. Sangwa akasema hana, ila mtoto huyu hajawahi kumdanganya. Akaniuliza mimi kama vifaa vilikuwa sawa.

Nilikuwa nimekaa chini ya saa ya ukutani. Gwiza alikuwa anatazama upande wangu, na nilijiambia anaangalia saa. Tathmini ya imihigo ilikuwa wiki mbili mbele. Miaka miwili ilibaki nistaafu. Nikawaza Diregiteri atakavyonitazama, na walimu watakavyosema kwamba kumbe mzee Rugamba haijui kazi yake, miaka yote ile alikuwa akiosha vioo tu. Niliogopa. Hakuna neno jingine la kulitumia hapo, na nimelitafuta.

"Vilikuwa sawa," nikasema.

Kwetu mwanafunzi ana alama arobaini za nidhamu, na zikikatwa mzazi husaini. Gwiza alikatwa kumi na tano, kosa likaandikwa: udanganyifu. Connie aliishika kalamu muda mrefu sana. Alimtazama binti yake mara moja, na binti alikuwa bado anatazama upande wa saa. Akasaini. Gwiza akainamisha macho, na hakuyainua tena mpaka tulipotoka.

Mchana ule niliichukua ile chupa ya zamani nikaimwaga kwenye sinki, yote, nikafungulia bomba juu yake. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumwaga kitu kwa makusudi. Ile mpya nikaiweka mahali pake, lebo ikitazama mbele. Mwaka huo nilipata tisini na tisa kwa mia. Kankindi aliuliza hiyo moja nimeiangusha wapi, na safari hii sikuweza hata kutabasamu.

Gwiza hakuwahi tena kubaki nyuma baada ya kipindi. Alinisalimia kwa heshima zote, "Mwiriwe, muzee," akapita na wenzake. Maganda ya mayai niliendelea kuyabeba kwa wiki moja hivi, kwa mazoea, halafu nikayaacha. Alimaliza mwaka wa sita kwa alama za kawaida, yeye ambaye hakuwa wa kawaida. Connie akahamishia cherehani yake Gahanga, upande wa pili wa mji, alikokuwa na dada yake, na mimi, Mungu anisamehe, nilishukuru kwa kuwa sikulazimika tena kupita mlangoni kwake kila asubuhi.

Nilistaafu. Nikaongeza kuku wakawa kumi na wawili, wakaanza kutaga mayai yenye ganda laini kama ngozi. Jirani yangu Cassien akanipa ushauri. Alisema huko Gahanga kuna duka la chakula cha kuku, wanauza maganda ya konokono wa ziwani yaliyosagwa, na kuna dada anayehudumia pale anayekuuliza kwanza kuku wako wanakunywa maji gani, halafu anakueleza ganda linavyotengenezwa mpaka unasahau ulichofuata.

Sikuuliza jina. Kwa mwaka mzima nilinunua chakula cha kuku Kagugu, na mayai yakaendelea kupasuka mikononi mwa Kankindi. Mwezi wa tatu mwaka huu akaniuliza kwa nini niko radhi kula hasara kuliko kwenda Gahanga, nami nikamwambia yote, tangu kikombe mpaka saa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniletea koti langu. Nikapanda pikipiki. Mfukoni nilikuwa na lile kombe la Tanga.

Duka lilikuwa na magunia mlangoni na mzani juu ya meza. Alikuwa amevaa aproni ya kijani, vumbi la pumba limemjaa mpaka kwenye nyusi. Alinitambua kabla sijavua kofia.

"Muzee Rugamba. Karibu. Mama Kankindi iko mzima?"

"Mzima. Kuku ndio wana shida. Mayai laini."

"Unawapa maji ya bomba ao ya mvua?"

Nilimjibu. Akachota maganda yaliyosagwa, meupe, akaanza kuyapima. Nikaona nikisubiri mpaka amalize kupima nitasubiri tena mpaka anifungie, kisha nitaondoka.

"Gwiza, ile bafa ya buluu iliharibika kwa sababu yangu. Nilikuwa narudisha kwenye chupa. Namba zako zilikuwa za kweli kwa mita ile. Nilijua siku moja kabla ya kile kikao."

Aliongeza kijiko kimoja kwenye mzani, akapunguza nusu.

"Mimi nilijua siku ileile ya mashindano," alisema. "Kwa gari, tukirudi. Madamu aliuliza bafa imetunzwa namna gani, nikakumbuka kikombe. Nikapiga hesabu kwa daftari, ikaingia sawasawa."

"Ulijua? Mbele ya Diregiteri ulikuwa unajua?"

"Yego, nilijua."

"Mbona hukusema, mwanangu?"

Alinitazama, na nikautambua ule mtazamo. Haukuwa wa saa.

"Si wewe ulikuwa pale, muzee? Mimi mtoto niseme muzee ameharibu, na yeye mwenyewe amekaa? Nilisema moyoni, sasa hivi atasema. Nikakuangalia. Nikangoja." Akamimina maganda kwenye mfuko. "Nilingoja mpaka mama amesaini."

Nilimwambia nitakwenda shuleni, nitaandika barua, nitawaandikia hata wale waandaaji. Akasema ni vizuri, kwa sauti ambayo mtu humwambia mteja. Nikamuuliza kama aliwahi kufika baharini. Akatikisa kichwa.

Nikatoa lile kombe mfukoni nikaliweka mezani, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kuweka. Akalisogeza kando kwa upande wa kiganja, taratibu lisivunjike, apate nafasi ya kuniwekea mfuko wangu.